Mstari Mwekundu Chini ya Taarifa ya Habari

Nilikuwa nimesimama kwenye mkahawa mdogo wa Al Khuwair, hapa Maskati, nyuma ya ofisi yetu, nasubiri chai ya maziwa na chapati moja ya kufunga. Juu ya friji ya soda palikuwa na televisheni. Ikalia ile tarumbeta ya kufungulia habari, ikafuatiwa na mshindo wa ngoma, na kabla sijajua ninafanya nini viganja vyangu vilikuwa vimeshafunguka mbele ya kifua na midomo yangu imeshaingia kwenye Fatiha. Kijana wa kaunta alinitazama, akaitazama chapati, nadhani akajua naiombea dua iive haraka. Simlaumu. Mtu mzima, kavaa abaya na kitambulisho cha wizara kinaning'inia shingoni, anaisomea Fatiha stesheni ya habari ya Kimalbari, lugha ya Wahindi wa Kerala! Kumweleza ningeanzia wapi?

Ningeanzia Sib, nyumbani kwa bibi yangu mzaa mama, likizo ile ya joto niliyopelekwa huko na begi la nguo na mwanasesere aliyekatika mkono. Sisi tulikuwa tukikaa kwenye fleti, karibu na kazini kwa baba. Mama alikuwa anaumwa tumbo kwa muda mrefu, kisha siku moja watu wakaanza kusema "India" kwa sauti ya chini, na kila nikiingia chumbani maneno yalikuwa yanakatika. Kwetu Maskati ugonjwa ukishakuwa mzito watu hufunga masanduku wakaenda India. Huyu kaenda kwa moyo, yule kwa macho, yule kwa mgongo, na wengi hurudi na vitenge vya hariri na korosho. Basi nami sikuona la kunitia wasiwasi. Nilimwagiza mama bangili za kioo, nyekundu na za kijani, nikampa shavu anibusu, nikaingia kwenye gari ya kwenda kwa Bibi.

Bibi alikuja Omani kutoka Unguja akiwa mtu mzima tayari, na Unguja yake alikuja nayo. Nyumba yake ilinukia udi asubuhi na nazi mchana. Nyuma ya nyumba palikuwa na kijumba cha kupangisha, wanakaa watu wa Kerala, India ile ile aliyokwenda mama, mume fundi wa viyoyozi na mke mshonaji, ambaye sisi tulimwita Mama Anju kwa jina la binti yake aliyeachwa kwa wazee wake huko huko kwao. Mama Anju alikuwa na cherehani mlangoni, na kwa ajili ya kumpindia Bibi kanga zake miaka yote hiyo alikuwa ameokota Kiswahili cha kutosha kugombana na kusengenya. Juu ya bati la kijumba chao palikuwa na dishi kubwa lililogeuzwa upande wa kwao.

Siku ya pili yangu pale Bibi alimwita dirishani.

"Mama Anju, hebu nambie. Huko kwenu wana televisheni ya habari?"

"Iko, Bibi. Asubuhi habari, mchana habari, usiku habari. Kichwa inauma."

"Basi nipe na mie."

Jioni ile fundi wa viyoyozi alipitisha waya kwenye dirisha la sebule, akaziba uwazi kwa kipande cha boksi, na nchi ya watu ikaingia nyumbani kwetu. Mama Anju alifurahi mno. Baadaye nilikuja kujua kwamba aliwapigia simu jamaa zake wote akawaambia kuna bibi wa Kiarabu Sib anaipenda habari ya kwao kuliko wao wenyewe.

Bibi alinikalisha chini mbele ya miguu yake, akanionyesha kwa kidole. "Huko ndiko aliko mama yako. Tazama vizuri, pengine utamwona."

Nikatazama vizuri. Hapo ndipo matatizo yangu yalipoanza, kwa sababu mimi nilikuwa mtoto wa kufanya ninaloambiwa. Nilimtafuta mama kwenye kila umati uliopita kwenye kioo: kwenye maandamano, kwenye vituo vya mabasi, kwenye sherehe yenye ndovu waliovishwa dhahabu kichwani, nyuma ya waziri aliyekuwa anakata utepe. Nje kwetu Sib jua lilikuwa linapasua mawe, kiyoyozi kinanguruma kutwa, na mle ndani ya televisheni mvua ilikuwa haikatiki. Watu wanatembea na miavuli, ng'ombe wamerowa, minazi inainama. Nilimuuliza Bibi kama mama alichukua mwavuli. Akasema hospitali haivuji.

Tulizizoea programu zao kama tulizaliwa nazo. Palikuwa na mtangazaji wa kike mwenye asumini kwenye nywele, ambaye mimi nilikuwa nikimsalimia akianza, kwa sababu alikuwa anatutazama sisi na ilikuwa ni utovu wa adabu kunyamaza. Palikuwa na mjadala wa jioni, watu wamewekwa kila mmoja kwenye kijisanduku chake, wote wanapiga kelele kwa pamoja. Bibi haelewi hata neno, lakini alichagua upande siku ya kwanza. "Huyu mwenye masharubu mwongo," alikuwa akisema. "Mtazame macho. Huyu mtu kadhulumu shamba la mwenziwe." Mwenye masharubu akikatizwa, Bibi alishukuru Mungu.

Lakini kilichotushika hasa hakikuwa mjadala wala ndovu. Kilikuwa ule mstari mwekundu chini ya kioo, wenye maandishi meupe yanayotoka upande mmoja yakaingia upande mwingine bila ya kupumzika. Herufi zake zilikuwa za mviringo, zimejikunja na kushikana mithili ya vitamu vya zilebia kwenye sinia. Usiku wa kwanza nilimuuliza Bibi kumeandikwa nini.

Bibi aliutazama kwa muda. "Vifo hivyo," akasema.

"Unajua kusoma Kimalbari, Bibi?"

"Sijui. Lakini kitu gani chengine kitakuwa kirefu namna hiyo, kisikwishe?"

Akanieleza. Kwao Unguja redio ilikuwa na saa yake ya matangazo ya vifo, na saa hiyo ikifika hakuna aliyesema. Anayetwanga anaweka mchi, anayegombana na mumewe anamwambia subiri kwanza. Linasomwa jina la marehemu na la baba yake, anakotoka, atazikwa wapi na saa ngapi, kisha wanatajwa ndugu mmoja mmoja khabari iwafikie popote walipo. Hakuna Mzanzibari anayefariki kimyakimya, alisema Bibi, na sauti yake ilikuwa na fakhari kidogo. Kwa hiyo kwake yeye stesheni ya habari isiyosema vifo ingekuwa stesheni gani? Hawa wenzetu wanaviandika tu, basi, kwa sababu ni wengi na mvua inapiga.

"Na hatuwajui," nikasema.

"Maiti hajuliwi, anaombewa. Fungua mikono."

Tukawa tunawasomea. Kila habari ikifunguliwa, mimi na Bibi tulikuwa tunafungua viganja, tunawarehemu watu wa ule mstari, Waislamu kwa Fatiha na wasio Waislamu kwa huruma tu, kwani Bibi alisema Mungu atawagawa mwenyewe. Mimi nilikuwa naona ni kazi kubwa tunayoifanya.

Mpaka siku moja, sijui ilikuwa vipi, nikafikiri: na jina la mama likipita?

Fikra ile ilinikaa kifuani kama donge la ugali wa moto. Nilijaribu kujua jina "Salma" litakuwaje kwa herufi zile. Mwisho niliamua, bila ya ushahidi wowote, kwamba lazima linaanzia na ile herufi yenye vitanzi viwili, na kila ilipotokea nilikuwa nafumba macho. Niliamini kwamba nisipoliona halitakuwa lake, litakwenda kwa mtu mwingine. Yule mtu mwingine sikumfikiria. Ukiwa mdogo huruma yako ina mipaka yake.

Nilimwambia Bibi tumwite Mama Anju atusomee. Bibi, ambaye alikuwa hawezi kupitisha siku bila ya kumwita Mama Anju kwa jambo hili au lile, alinitolea macho. "Usimuulize mtu. Umesikia? Wala usithubutu." Nilidhani kuuliza vifo ni haramu.

Baba, aliyekwenda naye, alikuwa akipiga simu kila usiku baada ya isha. Mwanzo mama alikuwa akizungumza nami mwenyewe. Umekula? Umesali? Usimchoshe Bibi. Kisha akawa anasema maneno machache tu, na kati ya neno na neno nasikia pumzi zake. Kisha baba akaanza kusema, "Amelala." Amelala leo, amelala na kesho. Bibi akiweka simu chini alikuwa hanitazami. Alikuwa anarudi pale pale mbele ya kioo, anakaa. Alianza kulala hapo hapo kwenye sofa, televisheni inaongea peke yake. Mikate yake ya ufuta, ambayo Sib nzima inaijua, iliungua siku mbili mfululizo, na alipoitoa aliila tu. Nilimwonea imani, lakini sikujua namwonea imani kwa lipi.

Mvua ya kule ikazidi. Kioo kikajaa maji: magari yanaelea, watu wamepanda juu ya mapaa, askari wanavuta boti kwa kamba katikati ya maduka. Yule dada wa asumini hakuwa na asumini tena, alikuwa na koti la mvua na anapiga kelele. Usiku huo baba hakupiga simu. Kesho yake asubuhi Bibi alimpigia, haikuingia. Akapiga tena na tena, inalia ile sauti ya mwanamke wa mashine akiongea Kihindi kwa upole kabisa.

Mchana nilikuwa nimelala kwenye zulia, naona mstari mwekundu unakimbia kuliko kawaida, na juu yake picha ikabadilika. Geti la chuma, bendera ya msalaba mwekundu, jengo refu la manjano, maji yamefika kwenye ngazi. Lile jengo nilikuwa nalijua, au nilifikiri nalijua, kwani baba alituletea picha ya hospitali na ilikuwa ndefu na ya manjano. Na hapo hapo chini ya jengo ikapita herufi yenye vitanzi viwili, na safari hii sikuwahi kufumba macho.

Nilipiga ukelele. Bibi alikuwa ameshasimama. Tasbihi ilimponyoka, uso wake umekuwa wa rangi ya jivu, na hakunikataza nilipotoka mbio. Nilitoka miguu mitupu kwenye saruji inayochoma, nikamkuta Mama Anju kwenye cherehani yake, nikamshika nguo. "Njoo usome! Njoo usome kama mama yangu amekufa!"

Alikuja vile vile, futi ya kupimia shingoni, sindano zimechomwa kifuani. Alisimama katikati ya sebule akatazama kioo, akamtazama Bibi, akanitazama mimi. Hakuelewa kitu.

"Jina," Bibi akamwambia. "Hapo chini. Yupo?"

"Jina ya nani, Bibi?"

"La mwanangu. Kwenye vifo."

Mama Anju akautazama mstari. Ulipita wote, ukaanza upya. Akaweka kidole kwenye kioo chenyewe, akawa anaufuata kwa kidole.

"Bibi, hapana kufa. Hapana. Hii dhahabu. Gramu moja, bei yake. Hii mpira, ya mti. Hii pilipili manga, bei chini leo. Hii garimoshi hapana kwenda, maji iko njiani. Hii skuli funga. Hii mtihani kesho hapana." Akageuka. "Khalas. Hapana jina hapa."

"Na jana?"

"Jana pia dhahabu."

"Na siku zote hizi?"

"Bibi, dhahabu siku zote."

Bibi alikaa kitako. Akasema polepole, "Toba yarabi. Likizo nzima nnairehemu pilipili manga." Na akaanza kucheka. Mama Anju naye akacheka, akajifuta macho, na mimi nikacheka kwa kuwa wamecheka, mpaka tukaona kwamba Bibi hacheki tena, mabega ndiyo yanayotikisika.

Mama Anju alimkalia karibu. Ndipo Bibi akasema. Hakunisemea mimi, na nadhani alisahau kuwa nipo pale chini.

"Mie mwanangu wa mwanzo nilimsikia redioni. Alikuwa kijana, kapelekwa Dar kutibiwa, kaka yangu kenda naye. Mie nipo shamba, simu hakuna. Waliopata khabari mjini wakakimbilia redio kabla ya kunikimbilia mie. Nimekaa nnachambua mchele. Nikasikia 'bin Khalfan', nikasema, loo, jina la baba yake linafanana na la kwetu. Nikawa nnaendelea kuchambua, Mama Anju. Nnachambua. Mpaka wakautaja mtaa wetu."

Kwenye kioo askari walikuwa wanampandisha mzee kwenye boti, amekumbatia kuku.

"Basi nikajiapia," Bibi akasema. "Akiwa mtu wangu yuko mbali tena, mie ntakuwepo. Jina lake lisije likapita peke yake na mie nnachambua mchele."

Mimi nilikuwa mtoto na nilidhani nimeletwa Sib ili Bibi anitunze. Leo ninapokumbuka uso wake pale kwenye sofa, naona wazi kwamba nililetwa kukaa naye yeye, kwa sababu hakuna mtu angeweza kukaa peke yake na kioo kile. Namwonea huruma mpaka sasa. Alikuwa anaogopa kuliko mimi, na kuliko kumuuliza jirani asome mstari mmoja, aliona bora asijue, lakini awepo.

Mama Anju hakurudi kwenye cherehani siku ile. Alivuta kigoda mbele ya televisheni akaanza kutusomea. Kila kilichopita alikisoma, kwanza kwa lugha yao, kisha kwa Kiswahili chake. Barabara gani imekatika. Daraja gani zima. Hospitali gani imehamisha wagonjwa ghorofa ya juu, na ile ya manjano iliyonitoa roho haikuwa ya mama hata, ilikuwa ya mji mwingine. Mumewe alirudi kutoka kazini akala mkate mkavu bila ya kunung'unika. Na binti yake mwenyewe alikuwa huko huko, kwenye mvua ile ile, na simu ya wazee wake nayo haiingii. Hilo hakulitaja. Nililijua baadaye sana.

Simu ililia kabla ya magharibi. Bibi aliitazama inalia, akashindwa kuigusa, Mama Anju ndiye aliyenyanyua na kumwekea sikioni. Sauti ya baba ilikuwa inakatika. Maji yalizima umeme na simu mji mzima. Mama alishafanyiwa operesheni kabla ya mafuriko. Ameamka. Ameuliza kama nimekula.

"Mwambie amekula," Bibi akasema, naye alikuwa hajanipa chochote tangu asubuhi.

Usiku ule Mama Anju naye akapata simu yake, tukasikia kilio cha furaha kutoka kijumbani, na Bibi akampelekea sahani ya wali kwa mikono yake mwenyewe. Kuhusu Fatiha, nilidhani tutaacha. Habari zilipofunguliwa nilikaa mikono imefumbwa, na Bibi akanigusa kichwani. "Haya, fungua."

"Lakini Bibi, ni bei ya dhahabu."

"Kwani wanaonunua dhahabu hawafi?"

Mama alirudi wakati skuli zinakaribia kufunguliwa. Baba alimleta moja kwa moja Sib kutoka uwanja wa ndege. Nilisikia gari, nikatoka mbio, nikasita mlangoni, kwani mwanamke aliyekuwa anateremka akishikilia mlango wa gari alikuwa mwembamba na mfupi kuliko yule niliyekuwa namtafuta kwenye kioo kila siku. Aliponyoosha mkono, bangili za kioo zikalia, nikamjua. Nilimng'ang'ania kiunoni mpaka baba akaniambia taratibu, mshono.

Ajabu ni kwamba Bibi hakutoka. Tuliingia sebuleni tukamkuta pale pale kwenye sofa, ametupa mgongo, televisheni inasema yake. Mama alitoa salamu. Bibi aliitika salamu bila ya kugeuka. Nilimwona amekamata ukingo wa sofa kwa mikono miwili, na nikashangaa, maana bibi yangu huyu alikuwa akimpokea hata mkusanya taka kwa bashasha.

"Salma binti Khalfan," akasema. Alilisema jina zima, polepole na kwa sauti ya juu, wala si kwa sauti ya kumwita mtu aliyesimama nyuma yako, bali kama wanavyoyasoma majina redioni.

Mama alimtazama baba. Kisha akakivua kiatu, akapita kwenye zulia kwa kujishika ukuta, akakaa chini miguuni pa Bibi.

"Labeka, mama."

Bibi akaliita tena, lote, na la baba yake. Mama akaitika. Akaliita tena. Tulisimama mlangoni mimi na baba tunasikiliza, na kila alipoitwa, mama aliitika.